Muhula Mfupi, Kutu Haina Haraka

Chama cha wahandisi kikishachagua uongozi mpya wa kitengo cha vifaa, yaani watu wa chuma, zege, mbao na plastiki, picha hupigwa, mikono hupeanwa, na haipiti muda mwenyekiti anatafutwa akafungue warsha. Muhula kwa kawaida ni mwaka mmoja au miwili. Kutu haisomi katiba ya chama. Nondo iliyofunikwa vibaya leo pale Kizingo, Mombasa, huweza kukaa kimya miaka kadhaa kabla zege halijapasuka, na siku hiyo ofisini yuko mwenyekiti wa tatu au wa nne.

Ndiyo maana naona kiti kizito katika kitengo hiki ni cha katibu. Mwenyekiti huongoza kikao. Katibu ndiye ajuaye vipimo vya mwaka juzi viko kabati gani. Lakini uchaguzi huenda kinyume: uenyekiti hugombaniwa, ukatibu humwangukia kijana aliyechelewa kukataa.

Hawa wapya ningewapa kazi moja kabla ya nyingine zote: wapime hewa ya Mombasa inakula chuma kiasi gani kwa mwaka, kisha waandike. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hugawa hewa kwa madaraja ya jinsi inavyokula chuma, C1 (kidogo kabisa) hadi C5, na CX juu yake. Katika hati za zabuni ni rahisi kuandika C5 kwa mji mzima kwa sababu bahari inaonekana dirishani. Mama Ngina, inayopigwa na upepo wa bahari wazi, si sawa na Changamwe iliyo bara, na Changamwe si Mazeras iliyo ndani zaidi. Anayekisia juu hulipa rangi asiyoihitaji; anayekisia chini hubadilisha mabati mapema.

Kazi yenyewe haihitaji mtambo. Kata mabamba ya milimita 100 kwa 150, unene wa milimita 1, ya chuma cha kawaida na ya zinki. Kila mahali weka matatu ya kila aina. Kwa sehemu hizo tatu ni mabamba 18, na machache zaidi yabaki ndani makavu. Namba usiandike kwa rangi, chumvi na jua vitaifuta. Toboa tundu ndogo pembeni kwa mpangilio, au gonga namba kwa patasi ya tarakimu. Safisha mafuta, kausha, pima uzito kwa mizani ya maabara, usilishike tena kwa vidole.

Chanja ya kutundikia mabamba iinamishwe nyuzi 45 na ielekee baharini, karibu mita 1 kutoka ardhini ili matope ya mvua yasiruke juu. Bamba lishikwe kwa vipande vya plastiki, kwa maana boliti ya chuma kingine huanzisha ulaji wa metali mbili zinapogusana na kipimo chote kinaharibika. Mbao iliyotiwa dawa ya shaba nayo haifai: maji yakipita juu yake hubeba shaba na kuishambulia zinki. Bamba la gramu 118 halimvutii mwizi wa vyuma chakavu. Fremu ndiyo itakayoondoka usiku. Basi fremu iwe ya mbao, ndani ya ua wenye mlinzi.

Mwaka uwe mzima, ili kusi na kaskazi vyote vipite. Anayepima miezi ya masika peke yake atapata jibu la kufurahisha, kwa sababu mvua huosha chumvi. Ndiyo sababu pia upande wa chini wa boriti ya chuma, ambako mvua haifiki, mara nyingi huliwa kuliko juu. Ningeongeza bamba moja chini ya kivuli cha paa, hata kama kiwango hakidai.

Mabamba yakishushwa, kutu ya chuma huondolewa kwa mililita 500 za asidi ya haidrokloriki na gramu 3.5 za heksamini, dawa ya kuizuia asidi isile chuma chenyewe, maji yakiongezwa hadi lita 1. Dakika 10 katika joto la kati ya nyuzi 20 na 25. Asidi iingie kwenye maji, si maji kwenye asidi. Chumba cha Mombasa mwezi wa Februari hupita joto hilo, hivyo beseni lipozwe. Hapa ndipo yale mabamba makavu yanapohitajika: lioshe moja pamoja na yaliyoliwa, na uzito litakaoupoteza uutoe kwenye hesabu, kwa kuwa asidi nayo hula chuma kizima kidogo. Zinki isiguswe na asidi hiyo kabisa. Ina dawa yake, gramu 250 za glisini kwa lita.

Bamba la chuma lililopoteza gramu 11.8 limeliwa mikromita 50 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kila upande, mpaka wa C3 na C4. Likipoteza gramu 19 hivi, umeingia C5.

Zinki ndiyo inayogusa mfuko. Chuma kinene kilichochovywa kwenye zinki huwa na tabaka la wastani wa mikromita 85. Pale zinki inapoliwa mikromita 2.1 kwa mwaka, tabaka hilo ni la miaka 40, inapoliwa 8.4, ni miaka 10. Bati jepesi lenye gramu 100 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, lina mikromita 7 tu kila upande. Mwenye nyumba ya kando ya bahari angependa kulijua hilo kabla hajalipa.

Zege lina mambo yake na halitaenea hapa, ila maji nitayataja. Lita 180 za maji ya bahari katika mita ya ujazo ya zege huleta karibu kilo 3.5 za kloridi, sehemu ya chumvi inayoanzisha kutu kwenye nondo. Kwa saruji ya kilo 350 ni karibu asilimia 1, na kikomo cha kawaida cha zege lenye nondo ni 0.4. Fundi anayechota kisima cha kisiwani chenye maji ya chumvi apime kwanza.

Kipimo cha mwaka wa kwanza hakizidishwi kwa 10 kupata miaka 10, maana kutu ya juu hupunguza kasi ya ile ya chini, na kwa chuma hupunguza zaidi kuliko kwa zinki. Kwa hiyo mabamba ya ziada yabaki juu hadi mwaka wa 2 na wa 5. Ya mwaka wa 5 yatashushwa na watu ambao hawajagombea bado. Mpangilio wa tundu, uzito wa kwanza na tarehe ya kutundikwa viingie katika daftari lililoshonwa, nakala moja ibaki Mombasa na nyingine makao makuu, na katibu anayeondoka na anayeingia watie sahihi ukurasa mmoja, kama mweka hazina afanyavyo benki.