Talaka Ilitoka, Mkopo Ukabaki

Katika makubaliano ya talaka yetu, mkopo wa nyumba ulipewa aya moja fupi: baba watoto ataendelea kulipa marejesho mpaka nyumba itakapouzwa au kuhamishiwa kwangu. Hakimu akaidhinisha, tukasaini, tukatoka kila mtu na njia yake. Friji lilibishaniwa kwa muda mrefu kuliko ile aya. Mimi nikabaki na watoto ndani ya nyumba, yeye akaenda kupanga kwingine, na miezi ya mwanzo nililala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Kisha ikaja notisi ya malimbikizo. Imeandikwa kwa majina yetu wawili, kana kwamba bado tunachangia chumba. Ndani yake kulikuwa na hesabu ya marejesho ambayo hayajalipwa, riba ya adhabu, na tarehe ambayo ikipita benki itaanza taratibu za kuuza dhamana. Dhamana yenyewe ndiyo nyumba niliyokuwa nimesimama sebuleni kwake nikiisoma hiyo barua.

Nikampigia.

"Mimi sikai mle," akasema. "Huku nalipa kodi, watoto nawatumia matumizi. Nilipe nyumba ngapi?"

"Hukumu inasema ulipe."

"Basi nenda nayo mahakamani."

Akakata simu. Nyumbani kwetu nako kila mtu alikuwa na lake. Dada yangu aliapa nisitoe hata senti: "Ukililipa mara moja tu, umeolewa na lile deni." Mama akasema dawa ya deni ni kulipa. Sawa, mama, lakini methali hiyo haijawahi kusema alipe nani.

Nilikwenda benki na hukumu yenye muhuri ndani ya bahasha, nimejiandaa kwa maneno. Ofisa mikopo, binti mpole tu, aliisoma yote mpaka mwisho, akaikunja vizuri na kunirudishia.

"Dada, hii inambana yeye kwako. Sisi haitubani, maana hatukuwa kwenye kesi yenu."

Akafungua faili letu, akafunua kurasa za mkataba wa mkopo, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: wakopaji wanawajibika kwa deni lote, kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Ule mstari niliujua. Kichwani mwangu ulikuwa umekaa kama nusu yake na nusu yangu. Kumbe hakuna nusu. Benki ikimkosa mmoja inamshika mwingine kwa deni zima, na wao kwa wao watajuana baadaye. Nikauliza, je, hati ya nyumba ikibadilishwa ikabaki jina langu tu? Akasema hati ni jambo moja na mkopo ni jambo jingine. Jina linatoka kwenye mkopo pale tu benki inapokubali kumwachia mtu, na benki haina haraka ya kumwachia mdaiwa. Kumshtaki mwenzangu ningeweza, na pengine ningeshinda, ila mnada usingenisubiri nishinde.

Nikaomba taarifa ya mkopo. Kwa kuwa mimi pia ni mkopaji, akanichapia papo hapo. Nashauri mtu yeyote aliye katika hali hii aombe hiyo karatasi kabla ya kugombana na yeyote, kwa sababu yangu ilinionyesha mambo ambayo simu zote zile hazikuniambia. Hakuwa ameacha kulipa kabisa. Kulikuwa na miezi ametia kiasi kidogo, chini ya rejesho, na kila alichotia kilikuwa kimegawanywa kwa utaratibu uleule: kwanza riba ya adhabu, kisha riba ya kawaida, halafu deni lenyewe kama kuna kitu kimebaki. Hakikubaki kitu. Safu ya mwisho, ile ya salio la deni, ilisimama palepale ukurasa mzima huku pesa zake zikiishia kwenye safu za katikati.

"Na lile ombi lake mnalifanyaje?" ofisa akaniuliza.

Ombi gani?

Akalitoa ndani ya faili. Kazini kwake walikuwa wamempunguzia mshahara, na alikuwa ameandika kuomba marejesho yapangwe upya. Ombi lilikuwa limelala pale kwa kukosa saini ya mkopaji wa pili. Yaani mimi. Mwanaume alikuwa radhi nyumba ya watoto wake ipigwe mnada kuliko kunipigia aseme mambo yamekuwa magumu. Nilimkasirikia pale kuliko nilivyomkasirikia siku ya talaka, na papo hapo nikamhurumia, jambo lililonikasirisha zaidi.

Tulikutana benki. Alifika na risiti za ada za watoto, akitaka zihesabiwe. Ofisa hakuzigusa. Akatuwekea mezani njia zilizokuwepo. Ya kwanza, mimi niuchukue mkopo peke yangu: wananipima upya kama mwombaji mgeni, kwa kipato changu tu. Walinipima, nikaanguka. Kulipa kila mwezi ningeweza kwa kujibana, lakini kikokotoo chao hakina sehemu ya kujibana. Ya pili, kupanga upya: malimbikizo yanaingizwa kwenye deni, muda unarefushwa, rejesho la mwezi linashuka, na majina yetu yanabaki pamoja mpaka mwisho wa huo muda.

Akatusomea mwaka ambao mkopo ungeisha. Nikamwangalia mwenzangu, naye akawa anaangalia meza.

"Mpaka mwaka huo?" akauliza taratibu.

Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana tangu tuachane.

Ikabaki kuuza wenyewe kabla benki haijauza. Nyumba ya mnadani kwa kawaida huenda kwa bei ya chini, na gharama za mnada wanabebeshwa wenye deni, kwa hiyo hapo hakukuwa na mjadala. Benki ilikubali kusimamisha taratibu zake kwa muda, kwa sharti la rejesho moja kulipwa kwanza kuonyesha nia. Nikataka makubaliano hayo kwa maandishi, nikapewa. Lile rejesho nililipa mimi, risiti nikaitunza. Dada yangu hakuambiwa.

Mthamini, mnunuzi, wanasheria wa pande zote, hayo yalikwenda kama yanavyokwenda. Benki ililipwa kwanza, moja kwa moja kutoka kwa mnunuzi, hati ikaachiliwa, kikabaki kiasi cha kugawana. Akataka kati kwa kati.

Hapo ndipo hukumu ilipopata kazi. Niliiweka kwa wakili pamoja na taarifa ya mkopo: kila kilicholimbikizwa baada ya talaka, na adhabu yake, na lile rejesho langu, vitoke kwenye fungu lake. Alikubali marejesho, akagoma kwenye adhabu. Alitaka miezi ambayo ombi lake lilikuwa likisubiri saini yangu isihesabiwe. Saini ambayo hakuiomba! Kwingine kote nililegeza, friji nalo nilimwachia, lakini hapo sikusogea, na mwisho akasaini.

Rekodi ya kuchelewa imebaki kwenye taarifa zangu za mikopo kama ilivyobaki kwenye zake. Nilipoomba mkopo mdogo baadaye, nikaulizwa. Nikawapa barua ya kufungwa kwa mkopo na ile taarifa ya malipo, kurasa zote. Walinipa, kwa riba ya juu kidogo.