Kitanda cha mama kilivyogeuka kabati la sinki

Mwaka 2021 mama alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, tukamtoa Tabora tukamleta kwangu Dar, na yeye hakukubali kusafiri bila kitanda chake. Kitanda cha mninga futi nne kwa sita, alichongewa alipoolewa mwaka 1974, kikapanda basi kimefunguliwa vipande vipande. Kufika kwangu tukagundua hawezi kukilalia, kirefu sana kwenda juu, kupanda shida, kushuka ndo hatari kabisa, tukamnunulia cha chini, cha mninga kikaegemezwa ukutani chumbani.

Shida kubwa kumbe ilikuwa bafuni. Mama ni mtu wa usafi, asubuhi lazima apige mswaki, anawe uso taratibu, ajipake mafuta, na akitaka kusali anatawadha mwenyewe hataki kushikwashikwa. Sinki letu lilikuwa la kuning'inia ukutani, juu, akisimama anachoka dakika mbili, akikaa kwenye stuli maji yote yanamwishia kwenye kiwiko yanashuka kwapani. Tukawa tunamnawisha kwenye beseni kama mtoto na niliona jinsi alivyokuwa anaangalia pembeni tukimnawisha. Hilo liliniuma sana.

Nikaenda madukani Kariakoo kuangalia yale makabati yenye sinki. Mazuri kwa macho, bei ilikuwa laki nne na nusu kwenda juu, na karibu yote ni ile mbao ya unga iliyoshindiliwa ikabandikwa karatasi ya kung'aa. Bafu letu ni la kuogea humohumo, maji yanatapakaa, na ile mbao ikinywa maji mara moja inavimba kama andazi na hairudi tena. Halafu yote yana urefu wa mtu aliyesimama, sentimita 80 mpaka 85, na chini kumezibwa milango, sasa mtu anayekaa magoti anaweka wapi? Nikatoka bila kununua kitu.

Mtaani kwetu kuna fundi seremala mtu mzima, alijifunzia kazi Keko enzi zile. Nikamwita aje amuone mama, maana niliona hii kazi isianzie kwenye mbao, ianzie kwa mama. Likizo ya Disemba shule zimefungwa kwahiyo nilikuwa nyumbani, nikamwambia Fundi nitakuwa msaidizi wako nipunguzie hela ya mikono, akakubali. Mama akakaa kwenye stuli yake, fundi na futi yake ananisomea mimi naandika: kiwiko kutoka sakafuni sentimita 63, juu ya goti 50. Tukaweka ukingo wa sinki uje 68, sinki lenyewe lina kina cha 14, maana yake tumbo la sinki linaishia 54 na goti linapita chini bila kugusa. Na droo zote zikae kulia, mkono wenye nguvu.

Sasa mbao. Mimi nilikuwa nawaza paini, zile za Mafinga, ndizo zinazouzwa kila kona na bei yake inaeleweka. Fundi akasema paini bafuni inawezekana ikiwa imetiwa dawa na imekauka, ila nyingi zinazofika mjini ni mbichi, ukishaiunga inaendelea kukauka ndani ya nyumba, inapinda, maungio yanaachia. Mninga mpya bei juu. Hapo ndo akageuka akaangalia kile kitanda kupitia mlango wa chumbani, hakusema kitu, mimi pia sikusema kitu. Mama ndo akasema, "Mnaogopa nini? Kikateni."

Nikampigia kaka Mwanza. Akakataa kabisa, akasema kile kitanda ndo kumbukumbu pekee ya baba, sisi wote tumezaliwa juu yake, nitakikataje. Nilimwelewa, na mimi nilikuwa na kigugumizi hichohicho. Mama akaomba simu, akamwambia, "Mwanangu, baba yako alikitengenezesha ili mimi nipumzike. Sasa hivi napumzika wapi nisipoweza hata kunawa uso?" Kaka akanyamaza muda mrefu halafu akasema, "Sawa mama."

Kazi tulifanyia uani chini ya mwembe. Mninga wa miaka karibu 50 ni kitu kingine kabisa jamani, nje umefifia kijivu una mikwaruzo lakini randa ikipita mara mbili tu inatokea rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na ile michirizi yake ya njano, ukilowesha kidole ukapitisha unaona itakavyokuwa ikipigwa vanishi. Miti ya mninga ndo sifa yake hiyo, hata ukiwa mbichi hauchezi sana, yaani haupindi wala kusinyaa sana kama miti mingine, sasa huu ulishamaliza kucheza zamani, na mchwa hawaugusi. Kabla ya randa fundi alichukua sumaku ya spika mbovu akaipitisha kwenye kila kipande kutafuta misumari, msumari mmoja wa zamani unaharibu ulimi wa randa. Tulivaa barakoa zilezile za korona sababu vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

Ile mifumbati miwili, zile mbao ndefu za ubavuni mwa kitanda, tukaikata katikati, tukapata vipande vinne vya sentimita 90, tukavirandia kingo mpaka ukivisimamisha viwili pamoja mwanga haupiti katikati, ndo tukapaka gundi viwe ubao mmoja wa juu ya kabati. Vibanio virefu hatukuwa navyo na kuvinunua ni hela, fundi akafunga ubao mzima kwa kamba ya katani akaingiza kabari za mbao akazigonga kidogokidogo huku na huku mpaka gundi ikachuruzika kwenye kila kiungo. Kesho yake huo ubao ulikuwa kitu kimoja. Matendegu manne yakawa miguu, tukayakata sentimita 64, na maungio yote ni ulimi na tundu, ncha ya ubao mmoja inazama kwenye tundu la mwingine, skurubu zipo mahali pachache tu. Mbao za kichwani mwa kitanda zikatoa droo mbili, isipokuwa ile ya juu kabisa yenye nakshi ya maua, hiyo mama alisema isiguswe.

Sehemu niliyoisimamia mimi kwa moyo wote ni vanishi. Fundi alinifundisha kwamba maji hayaingilii juu kwenye kung'aa, yanaingilia mwisho wa ubao ulipokatwa, na kwenye lile tundu la sinki, na chini ambako hakuna anayeangalia. Kwahiyo mkono wa kwanza nilichanganya na thina iwe nyepesi izame, nikapaka pande zote sita, ncha za mbao nikazirudia mpaka zikaacha kunywa, nikapiga msasa laini, nikapaka tena, na tena. Chini ya miguu tukapigilia vipande vya raba ya tairi ili mbao isigusane na sakafu yenye maji.

Fundi bomba alitaka kuweka ile sifoni ya kikombe, kile kikombe cha bomba la maji machafu, moja kwa moja chini ya sinki, nikamwambia hapana, hapo ndo magoti ya mama yanapokaa. Akageuza bomba la maji machafu mara tu linapotoka, akalipeleka nyuma likashuka kandokando ya ukuta. Koki tulinunua ya mkono mrefu, unaisukuma hata kwa kiwiko. Ukutani tukaziba na silikoni.

Hesabu yote: sinki 65,000, koki 28,000, fundi seremala 50,000, fundi bomba 15,000, gundi, msasa, vanishi, thina na silikoni kama 35,000. Jumla 193,000, na mbao ni za mama.

Siku ya kwanza alivuta stuli mwenyewe, akaingiza magoti chini, akafungua koki kwa upande wa mkono, akanawa uso akarudia, akatawadha, alikaa humo bafuni mpaka wajukuu wakaanza kugonga mlango. Alipotoka kitu cha kwanza kuniuliza ni ile mbao ya nakshi iko wapi, nimfungie vizuri kwenye blanketi, inaenda Mwanza kwa kaka. Kaka ameitundika sebuleni kwake. Kabati nalipiga mkono mmoja wa vanishi kila Disemba, hasa kuzunguka sinki, na mpaka leo hakuna kiungo kilichoachia.