Kukhu alinivalisha gomesi

Juzi usiku kastoma alinitumia picha kwa wasapu, binti wa hapa Milimani ambaye wanakuja kumtolea mahari mwezi ujao, anataka gomesi, lile vazi refu la kina mama la mabega yaliyosimama na mshipi, lakini ile ya kisasa, kiuno nikikaze, mshipi nitoe kabisa, nyuma niweke zipu na mabega niyashushe yasimzidi kwa picha. Ni nguo nzuri, hilo nakubali. Lakini sikulala. Nilijipata nimerudi Busia, kwa kibanda cha Auntie, siku ile ya Kukhu, ndivyo Waluhya wanavyomwita nyanya.

Wale mmenifuata kitambo mnajua nilianzia hapo. Ilikuwa miaka ya 1990, mitumba imejaa kila soko, kiwanda cha vitambaa cha KICOMI hapa Kisumu kiko hoi, na mafundi wa nguo za kina mama wanauza cherehani mmoja baada ya mwingine, kwa sababu nani atakulipa umshonee rinda na pale soko la Kibuye anapata la Ulaya kwa bei ya soda? Sisi tuliponea gomesi. Bale la mitumba ulifungue mpaka chini, gomesi hupati humo, lazima ishonwe. Mama anavuka upande wa Uganda kwa boda ya baiskeli, anarudi na mita sita za hariri zimekunjwa ndani ya nailoni, anakuletea. Kwa hivyo cherehani yetu haikunyamaza.

Mimi nilikuwa nimemaliza kozi tu, na daftari yangu imejaa michoro, magauni ya mabega ya padi, sketi za penseli, na katikati nilikuwa nimechora gomesi moja nyembamba sana ambayo niliipenda kupita zote. Auntie alikuwa ameenda matanga. Kukhu akaingia, ametoka Butula, mjukuu wake anaolewa, kitambaa cha kijani kwapani na mfuko wa plastiki mkononi. Nikampima, halafu nikamfungulia ule mchoro.

Aliutazama kwa muda. Hakuucheka. Akaniuliza, “Huyu mama uliyemchora, akikaa chini kwa mkeka inakuwaje?”

Sikuwa na jibu, kwa kweli hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza swali kama hilo, chuoni tulichora watu wamesimama.

Akaniambia nifunge pazia. Kwenye ule mfuko kulikuwa na gomesi yake ya zamani aliyoleta tuitumie kama sampuli, imenukia naftalini, rangi imefifia kwenye mikunjo. Akaanza na kikoi, akanifunga kiunoni juu ya sketi yangu, akakivuta kwa nguvu ambazo sikudhani mwanamke wa umri ule anazo. “Bila hiki hariri itakushika mapaja, kila mtu aone unavyotembea.” Kisha gomesi yenyewe, ile shingo ya mraba, akafunga vifungo viwili vya upande wa kushoto, kitambaa kilichobaki akakizungusha akakilaza na kiganja, analaza, anarudia, mpaka kikatulia. Halafu mshipi. Mshipi wa gomesi haukai kiunoni jamani, unakaa chini yake, juu ya nyonga, ncha zinashuka mbele. Akakaza fundo, akarudi nyuma hatua moja, akatazama mabega. Hayakumridhisha. Akaja akayabana kwa vidole viwili, bega la kulia, bega la kushoto, yakasimama wima, na ndani hakukuwa na kitambaa kigumu wala nini, ni marinda tu na mkono wake.

“Sasa kaa, mjukuu wangu.”

Nikavuta stuli. Akasema si hapo, chini. Nikakaa kwa sakafu miguu upande, na ile nguo ikafunguka yenyewe ikanifunika mpaka vidole vya miguu. Akaniambia nipige magoti. Niiname nichukue sufuria. Nimbebe mtoto, na kwa vile mtoto hakuwepo akanirushia kile kitambaa cha kijani nikakipakata. Ninyooshe mikono yote miwili nipokee mgeni. Kila nilipogeuka kulikuwa na kitambaa kingine kinanisubiri, sikubanwa popote, sikufunuka popote, nasikia tu hariri ikisugua simiti. Yeye amekaa kwenye stuli yangu, anaangalia kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

“Nguo ya mama haipimwi amesimama tu,” akasema, na hapo akaanza kunivua, kwa sababu gari la Butula lilikuwa linajaza steji.

Ile ya kijani tulishona mimi na Auntie, akaichukua, akalipa, yakaisha. Sikuhudhuria hiyo harusi.

Baadaye sana ndio nikasoma kwamba gomesi yenyewe inatajwa kuwa kazi ya fundi Mgoa wa Kampala, Caetano Gomes, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kwamba wasichana wa shule ya Gayaza walikuwa kati ya wa kwanza kuivaa, wakati wanawake wa Buganda walikuwa wakijifunga kitambaa cha gome la mti kifuani. Ilinisumbua kidogo. Mwanaume, mgeni, anashonea watoto wa shule, na nguo ikavuka mpaka ikawa ya Kukhu kabisa. Lakini nikikumbuka zile mita zote zilivyonisubiri kila nilipoinama, naamini kuna wanawake waliokaa chini nayo, wakapika nayo, wakanyonyesha nayo, wakamrudishia fundi, ongeza hapa, legeza pale. Majina yao hayapo popote. Mimi hawa ndio nawahesabu kama wabunifu.

Tangu nifungue duka hapa Kisumu chumba cha kujaribia nguo kina mkeka. Vitenge, magauni ya harusi, hata yale ya mkia wa samaki, unakaa kwanza ndio tuongee habari ya kulipa. Wengine wanakataa na nawaelewa. Huyu binti wa Milimani siku yake atakalishwa kwa kiti chini ya hema, chakula kitaletwa na watu wa keteringi, hakuna atakayempa sufuria. Ana haki ya nguo ya maisha yake, na mimi sina uhakika kama nikimwekea mshipi namheshimu yeye au namheshimu Kukhu. Zipu naweza kumpa. Kiuno tutaelewana.

Kwa mabega ndipo nimekwama, kwa sababu sitaki kuyashusha na vilevile sitaki kuyatia kitambaa kigumu kama tunavyofanya sote siku hizi, yanasimama ndiyo lakini yanakaa kama ya sare. Nimejaribu kukusanya marinda vile nakumbuka vidole vya Kukhu, yanashikilia asubuhi, kufika saa nane yamelala. Auntie naye alishatuacha. Kama unamjua fundi wa zamani, Busia, Butula, Samia, hata ng'ambo kule Uganda, anayesimamisha bega la gomesi kwa mkono tu, tafadhali nielekeze, na kama ni mzee hasafiri nitapanda matatu nimfuate na kitambaa changu.