Hedazi za Hilux

Injini yetu ilitoka baharini. Miaka mingi ilisukuma boti ya kupeleka watalii kuvua, huko Mtwapa, mpaka boti yenyewe ikaoza na sisi tukainunua kwa bei ya chuma chakavu: Chevrolet V8 ya lita 5.7, wa ukoo ule wa bloku ndogo ulioanza 1955. Mwaka 2011 tukaitia kwenye Hilux kuukuu. Nia ilikuwa mbio za robo maili, mita 402. Akili ilikuwa kidogo.

Manifoldi zake za boti, yaani vyuma vya kutolea moshi, hazikufaa, maana hupoozwa kwa maji yanayozunguka ndani ya chuma, na gari halina bahari. Ilibidi tutafute hedazi, yale mabomba yanayotoa moshi kila silinda na lake. Mimi tayari nilikuwa nimeziagiza Marekani kupitia binamu yangu, mabomba ya inchi 1⅞, mapana, nikiyatazama naona ushindi.

Nikazipeleka gerejini Makupa kwa fundi tuliyemwita Ami. Alizigeuza mkononi, akachungulia ndani.

"Wataka mbio au wataka sauti?"

"Mbio, Ami."

"Basi hizi ni za sauti."

Hakubishana zaidi. Akafungua kifuniko cha valvu, akanipa spana nizungushe injini polepole, yeye ameshika vernia, kile kipimo cha milimita, juu ya valvu ya moshi ya silinda ya kwanza. Ikashuka, ikasimama, ikaanza kupanda. Haikufika milimita 11. Akanionyesha kipimo bila kusema neno. Ile kamshafti, mhimili unaofungua valvu, ilikuwa ya boti, imechongwa kuvuta mzigo majini kwa mizunguko michache. Ukiipeleka zaidi ya 5,000 kwa dakika, pumzi zaisha.

Halafu ndipo akasema. Moshi hautoki mfululizo kama maji ya mto, hutoka kwa vishindo. Kila kishindo kikikimbia bombani huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo ndio unaofyonza mabaki ya silinda, tena huvuta mchanganyiko mpya uingie katika ule mda mfupi valvu zote mbili ziko wazi. Bomba likiwa pana kuliko injini, kishindo chalegea njiani. Akachukua mpira wa kuoshea magari, akaubana mdomo kwa kidole. Maji yakaruka mpaka kwa muuza miwa, ambaye hakufurahi.

Mfano wenyewe una kasoro. Injini inayofika mizunguko 7,000 ukiibania bomba utaisonga, na kwa injini kama hiyo hedazi zangu zingekuwa mahali pake. Ila sikuwa nayo. Ami alitaka inchi 1⅝, mabomba manne ya urefu uliokaribiana, yakutane kwenye kolekta, bomba moja la kuyapokea, ya inchi 3, na angeyakunja mwenyewe.

Nikakataa. Pesa zilikuwa zimeshatoka.

Hedazi zangu zilitengenezwa kwa magari ya usukani wa kushoto. Upande wa kulia, bomba la silinda ya 6 likagonga mhimili wa usukani wetu. Nikalitia moto, nikalipiga nyundo likabonyea kama kopo la maziwa lililokanyagwa. Yaani upana nilioulipia dola, nikauondoa kwa mkono wangu. Ami alikuwa kibarazani anakunywa kahawa, anatazama.

Jumapili alfajiri tukaenda kwenye kipande cha lami tulichokodi kwa mwenyewe. Sauti, wacha wee! Kunguru wote waliruka. Lakini nilipoachia klachi gari likasita, likameza mate, ndipo likaondoka. Sekunde 15.4 kwa saa ya simu, tukarudia mara tatu, karibu yale yale. Mara ya tatu waya wa plagi ya silinda ya 6 ukaungua kwa kugusa bomba.

Wiki mbili baadaye tulirudi na hedazi za Ami, weldi zake nene, hazina urembo wowote. Gari liliondoka kama limesukumwa mgongoni. 15.1, kisha 15.0. Najua saa ya simu si mizani ya dhahabu, lakini mgongo wangu ulisikia tofauti kabla ya saa.

Tulikuwa tumewekeana: atakayeshindwa anunue chai. Nikalipia mahamri na mbaazi ya watu wanne. Ami akaagiza sahani ya pili, akapangusa vidole, akaniuliza zile za Marekani zilinigharimu ngapi. Nikamwongeza chai.