Chaja ya Marekani kwenye stima ya Kisumu

Nintendo 3DS ya mpwa wangu, mashine ya michezo ya mkononi, ilitumwa kutoka Marekani na chaja yake yenye meno mawili bapa. Muuzaji mmoja hapa Kisumu alitaka kuniuzia kigeuza plagi, akidai kwamba hicho kinatosha. Hakitoshi hata kidogo! Kigeuza plagi hubadilisha umbo la meno tu, volti hakizigusi.

Nilimulika maandishi madogo mgongoni mwa chaja kwa tochi ya simu. Palipoandikwa INPUT, yaani umeme unaoingia: volti 120, hezi 60. Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Ukiichomeka hivyo ukutani yaweza kuungua, na mtoto ndiye atakayekuwa ameshika mashine. Chaja iliyoandikwa 100-240V haina tabu hiyo. Nyingi za simu ziko hivyo.

OUTPUT, yaani umeme unaotoka, nayo: volti 4.6, miliampea 900. Volti za kutoka lazima zilingane na zinazotakiwa na kifaa. Ampea, yaani kiasi cha umeme ambacho chaja inaweza kutoa, zikizidi si neno, maana kifaa huchota kinachohitaji tu. Zikipungua, chaja hulemewa na kupata moto.

Kwa hiyo nilitafuta iliyotengenezewa soko la Uingereza: meno matatu yanayoingia soketi zetu, volti 230 za kuingia, karibu sawa na 240 zetu, na 4.6 za kutoka. Niliipata Barabara ya Oginga Odinga, ya mtumba lakini nzima, waya haujachunika popote. Mara ya kwanza sikutoka karibu nayo, nikawa naigusa kila mara. Vuguvugu tu. Taa ya rangi ya chungwa iliwaka, ikazimika betri ilipojaa.