Upembo wa kima punju

Miezi michache iliyopita nilijikata kidole gumba cha mkono wa kulia nilipokuwa nikimenya muhogo, nikashonwa nyuzi nne, na kwa wiki tatu nzima nikawa na kidole kilichozongwa bendeji hata hakikunjiki. Ndoo ya maji niliibeba bila ya taabu, na kamba ya kisima niliivuta kama kawaida. Vifungo vya kanzu, hata hivyo, vilinilazimu nimwite mdogo wangu kila Ijumaa, na tonge la wali lilinishinda kabisa, kwani nilikuja kutambua kwamba vidole vinne hulikusanya tonge na kulibana, lakini anayelisukuma kinywani ni gumba. Nilikula kwa kijiko, na bibi yangu hakuacha kunitazama kwa huruma.

Katika siku hizo hizo niliwasindikiza jamaa kutoka Pemba kwenda kuutembelea msitu wa Jozani, nami kwa mara ya kwanza nikawaangalia kima punju kwa makini, ingawa nimewaona tangu utotoni wakivuka barabara pale Pete. Kima punju, ambaye asili yake ni hapa Unguja tu, hana gumba. Mkono wake una vidole vinne virefu, na mahali ambapo gumba lingekuwa pana kinundu kidogo tu. Jina la kisayansi la jamii ya mbega, ambao kima punju ni ndugu zao, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa kiungo. Yaani waliompa jina walimhesabu kuwa ni kilema. Mimi niliyekuwa kilema wa kweli wakati ule sikukubaliana nao.

Dume mmoja alikuwa amekaa juu ya tawi la mkungu, kiasi cha hatua tatu kutoka niliposimama. Hakuyachuma majani moja moja. Alinyoosha mkono, akakitia kitawi ndani ya vidole vyake vinne vilivyopinda, akakivuta hadi mdomoni, akayang'ata majani machanga pale pale kwenye kikonyo, kisha akakiachia kitawi kikarudi juu kwa kishindo. Nikakumbuka wachumaji wa karafuu wa kwetu, ambao tawi lililo mbali huliteremsha kwa upembo, ule mti wenye ncha iliyopinda. Upembo hauna gumba, wala hakuna mchumaji aliyewahi kuulalamikia kwa hilo. Mkono wa kima punju ni upembo ulio hai: anapojirusha kutoka mti hadi mti, vidole vinne hunasa tawi na kuliachia upesi, na gumba refu pengine lingemkwamisha tu. Huko Amerika, mbali kabisa na mbega wetu, wako kima wengine warefu wa mikono na mkia waliopoteza gumba vivyo hivyo, nao pia ni wenye kuning'inia.

Chini kidogo katika mti ule ule alikuwapo kima wa kawaida, yule wa kijivu mwenye koo jeupe, kwani wanyama hawa wawili hupenda kufuatana. Huyu ana gumba, na kazi yake ilionekana waziwazi: aliokota kitu kidogo kwenye gome la mti, nadhani mdudu, kwa kukibana baina ya gumba na kidole cha shahada, akakitazama, akakitia kinywani. Daktari wa Uingereza, John Napier, aliandika mwaka 1956 kwamba mkono wa mwanadamu una mishiko miwili mikuu, mmoja wa nguvu, ambao kitu hukumbatiwa kwa vidole na kiganja, na mwengine wa uangalifu, ambao kitu hushikwa kwa ncha za vidole zikielekeana na gumba. Bendeji yangu ilikuwa imeninyang'anya ule wa pili na kuniachia wa kwanza.

Kuna jambo jengine linalotangulia mshiko, nalo nililiona barazani, kwenye kahawa. Kikombe cha kahawa hakina mkono na huwa cha moto, kwa hiyo hushikwa kwenye ukingo. Ukimtazama mzee anayekifuata kikombe chake huku akiendelea na mazungumzo, utaona kwamba vidole vyake huanza kufunguka mara tu mkono unapoondoka gotini, hutanuka zaidi ya upana wa kikombe kabla ya kukifikia, halafu hujikusanya taratibu hadi kugusa. Mfaransa Marc Jeannerod aliyapima haya katika miaka ya 1980 na akaonyesha kwamba kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa ndivyo vidole vinavyotanuka zaidi, wakati mkono ungali njiani. Maana yake ni kwamba jicho limekwisha kuukadiria mshiko kabla ya ngozi kuhisi chochote. Watafiti wa Parma, Italia, walipochunguza ubongo wa kima wa Asia waliona seli zinazofanya kazi kwa aina moja ya mshiko na si nyengine, na baadhi yake ziliamka kwa mnyama kukiona kitu tu, bila ya kukigusa.

Komba naye, mwizi wa tembo la wagema, ana gumba lakini hulitumia kwa namna yake: hurusha mkono kwa kasi na kuvifumba vidole vyote kwa pamoja, panzi akabaki ndani.

Kabla hatujaondoka Jozani, jike mmoja wa kima punju alishuka penye mabaki ya tanuri. Wanyama hawa hula mkaa, kwani majani ya mkungu na mwembe yana kemikali zinazowasumbua tumboni, na mkaa huzinyonya. Alikiokota kipande kidogo kwa kukibana baina ya vidole na kiganja, akapanda mti kwa mkono uliobaki na miguu miwili, na hakikumponyoka. Jioni ile, barazani, nilikibana kikombe changu vivyo hivyo, vidole vinne na kiganja. Kahawa iliniunguza, lakini haikumwagika.