Siku moja nyuma ya kaunta ya steshenari, Mwanga, Kigoma

Saa 1:30 asubuhi nafungua. Mpaka saa 5 ni yale yale: kutoa kopi vyeti, barua za kuomba kazi, picha za pasipoti.

Saa 5 na ushee kaingia kijana wa chuo aliye likizo, na kurasa kumi na moja za mwandiko wa kuku. "Dada, chapa haraka. Usisome, chapa tu."

Hapo akanichoma. Watu wanadhani sisi ni vidole tu. Asiyesoma ndiye anayegeuza protoni kuwa protini!

Nikasoma. Kumbe ni habari za mtambo wa CERN, karibu na Geneva: pete ya kilomita 27 chini ya ardhi, protoni zinagonganishwa humo. Mwaka 2012 walitangaza wameipata chembe ya Higgs, ile inayohusiana na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito. Nadharia iitwayo supasimetria nayo inadai kila chembe ina mwenza, na wenza hao hawajaonekana hata mmoja. Aliye mwepesi kuliko wote anatarajiwa kupenya vifaa bila kuacha alama, hivyo anatafutwa kwa hesabu ya nishati isiyofunga, kama droo yangu ya hela jioni. Tena chembe ziitwazo neutrino nazo hupenya vivyo hivyo, zikachanganya mahesabu.

Ukurasa wa sita, umeme ukakatika. Kijana akanung'unika kana kwamba nimeukata mimi. Ulirudi saa ngapi sijui. Mgongo ulikuwa unawaka moto.

Mwisho kaandika: "Imethibitika supasimetria haipo."

"Mdogo wangu, ukurasa wa nne unasema mifano mingi ya gluino, mmoja wa wenza hao, nyepesi kuliko protoni 2,000 imekataliwa. Nzito zaidi je? Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaingii ziwani. Nani kasema Tanganyika haina dagaa?"

Akakuna kichwa. "Sawa, dada. Ila zikiwa nzito mno, hazielezi vizuri kwa nini Higgs ni nyepesi vile. Ndiyo maana wengi walitegemea zingeshaonekana."

Hapo alinipiku, nakiri. Tukaandika: "Matoleo mepesi yamebanwa sana." Kisha, bila haya, akaomba apunguziwe bei. Sikumpunguzia.

Nishashusha mlango wa chuma, mtu anagonga. Ni yeye, anahema, karatasi mkononi. Ukurasa wa kwanza, mstari wa pili: protini.